Kufungua tairi la nyuma la bodaboda na kubadilisha breki shuu

Hapa tunazungumzia pikipiki ndogo zenye breki ya drami nyuma, za aina ya Boxer na TVS HLX. Drami ni sehemu ya mviringo iliyo ndani ya habu ya tairi, na shuu ni vipande vinavyoisugua ili tairi lisimame. Andaa spana zinazokaa sawasawa kwenye nati za ekseli, spana ndogo, bisibisi bapa, koleo, msasa, grisi kidogo na kitambaa chenye maji.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mahali pagumu. Kabla hujalegeza chochote, hesabu alama za chenaji (vidude vya kukazia cheni) kila upande na uziandike.

Fungua nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki, kisha irudishe kwenye fimbo pamoja na springi yake, la sivyo utaitafuta mchangani. Toa pini na bolti ya mkono unaoishika sahani ya breki, yaani kifuniko kinachobeba shuu. Toa nati ya ekseli, kisha chomoa ekseli kwa kuigonga na kipande cha mbao. Nyundo ya chuma huharibu nyuzi. Upande wa cheni, pikipiki nyingi za aina hii zina nati nyingine kubwa inayoshika bushi (bomba fupi linalovaa ekseli) ya sproketi. Hiyo usiiguse. Bushi ya upande wa breki ikitoka, vuta tairi kulia: sproketi na cheni vinabaki mahali pake. Mwenzako akiinamisha pikipiki kidogo, tairi linapita.

Angalia raba za habu. Zikiwa zimebonyea au kukatika, badilisha sasa hivi.

Chomoa sahani ya breki. Vumbi usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwani lina madhara kwa mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi. Shuu iliyobaki unene wa mm 2 imekwisha. Iliyolowa grisi au oili nayo ni ya kutupa: kuiosha kwa petroli hakusaidii, mafuta yameshaingia ndani. Tafuta pia yalikotoka, mara nyingi ni sili ya beringi.

Drami ikiwa inang'aa kama kioo, isugue kidogo kwa msasa. Ukipitisha kucha ukahisi ukingo mkubwa, drami imelika na shuu mpya hazitaikamata vizuri. Weka grisi kiduchu kwenye ekseli ya kamu, kipande kinachozisukuma shuu ukikanyaga breki. Ikizidi, joto litaiyeyusha na kuishusha kwenye shuu.

Kuna ujanja wa gereji: nati ya fimbo ikifika mwisho, fundi anachomoa mkono wa kamu na kuurudisha jino moja nyuma. Breki inashika tena, lakini shuu zimekwisha vilevile, na kamu inaweza kupinduka ikakwama, tairi likagoma kuzunguka. Mkatalie.

Unaporudisha, linganisha alama za chenaji, cheni iwe na mchezo (kupanda na kushuka) wa kama mm 25. Unganisha fimbo ya breki, kisha kaza nati ya ekseli huku umekanyaga breki, ili shuu zikae katikati ya drami. Halafu bolti ya mkono wa sahani, na pini yake mpya. Ikisahaulika, breki ya kwanza ya nguvu huizungusha sahani nzima, inakata fimbo na kufunga tairi.

Rekebisha pedali ishuke mm 20 hadi 30 kabla ya breki kushika. Zungusha tairi kwa mkono: mkwaruzo mdogo si neno, kugoma ni shida. Endesha polepole kilomita chache, kisha gusa drami kwa tahadhari. Ikiwa ya moto sana, legeza nati ya fimbo ya breki mzunguko mmoja.