Kuzamia pangoni na kiongozi: hesabu ya kurudi ianze juu

Assalaam alaykum wapendwa. Wengi mnaozamia Mnemba na Misali mmeniuliza kuhusu ziara za mapangoni, hasa zile za Meksiko. Baharini ukipata shida unapanda taratibu. Pangoni juu yako kuna mwamba, na pa kutokea ni pale ulipoingilia tu.

Hatua ya 1. Muulize kiongozi cheti chake. Awe amesomea mapango mpaka mwisho, si bahari peke yake, na asichukue zaidi ya wageni wanne. Akizungushazungusha majibu, baki juu.

Hatua ya 2. Hewa igaweni mafungu matatu: la kuingia, la kutoka, na la akiba, maana mwenzako anaweza kuishiwa. Mkianza na baa 210 (kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini), geji ya mmoja ikisoma 140 mnageuka nyote.

Hatua ya 3. Kamba ya kuwaongoza kutoka ianzie nje, penye maji wazi, isikatike mpaka ndani. Hapa msiharakishe. Mimi vijana wangu huwapeleka mchangani Nungwi, maji ya mita tatu, nikawafunika miwani kwa kitambaa cheusi. Wanaifuata kamba kwa kidole gumba na cha shahada vilivyofanya pete. Mara ya kwanza karibu wote huikamata kwa ngumi na kuivuta, kamba ikahama. Tunarudia mpaka mkono utulie.

Hatua ya 4. Jua ndiyo taa yako ya kwanza. Chukua na tochi mbili. Mwanga wa mlangoni ukikupotea, mwoneshe kiongozi kidole gumba juu: tunatoka. Ishara hiyo haina mjadala.

MASWALI

Mwanachama, Jambiani: Shikamoo mwalimu. Pango la Kuza watu wanaogelea. Naweza kuingia na mtungi wa hewa?
– Marahaba mwanangu. Kuogelea huku unauona mlango ni jambo moja, mtungi ni jingine. Usiingie nao.

Mwanachama, Wete: Nina leseni ya mita 18. Inatosha?
– Ziara nyingi huipokea, lakini na pangoni usipite mita hizo 18. Mimi ningetazama miguu yako kwanza. Ukipiga mapezi juu na chini, tope lililolala sakafuni linapanda, na mara huoni hata kiganja chako. Jifunze teke la chura, miguu ikifunguka kando badala ya juu na chini, kabla hujalipa.

Mwanachama, Kizimkazi: Kiongozi akikasirika nikigeuka?
– Akasirike, mwanangu. Mtayazungumza mkishatoka.