Ukiuza nyumba Kigoma, anza na risiti za saruji

Nilikuwa na vyumba vinne vya kupangisha Gungu, nilivyojenga kidogo kidogo kwa hela ya dagaa. Mteja wa milioni 40 alipojitokeza nikakimbilia kwa dalali. Ningekimbilia kwenye kopo la risiti.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida. Kiwanja na ujenzi vilinila milioni 33 hivi, basi faida milioni 7, kodi laki saba. Lakini usipokuwa na vielelezo unakatwa asilimia 3 ya bei yote, au ya thamani ya mthamini ikiwa kubwa kuliko bei. Nikalipa milioni moja na laki mbili. Si kwamba sikutunza: kopo la maziwa lilijaa. Nilipofungua, risiti za mashine zilikuwa nyeupe pe, wino umekimbia joto la bati, mfuko wa saruji huujui na nondo huijui. Kwa hiyo siku ile ile unaponunua, toa kopi, ndiyo uweke. Fundi naye aandike alichopokea, asaini.

Ushuru wa stempu, kama asilimia 1 ya bei, ni wa mnunuzi. Liandikeni kwenye mkataba nani analipa nini, maana madalali hupenda "mtaelewana mbele ya safari". Kama ni nyumba unayoishi, umekaa miaka 3 au zaidi na faida haizidi milioni 15, kuna msamaha. Kaulizie Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla hujapanga bei.

Yaliyobaki ni taratibu tu: pango la ardhi, ile ada ya kila mwaka ya serikali, lisiwe na deni, na kama ni nyumba ya familia, mwenzi wako aridhie kwa maandishi. Kila malipo ya serikali yapitie kontroli namba, ile namba ya malipo unayopewa na ofisi yenyewe. Mtu akikuambia "nipe mkononi nikuharakishie", inuka.

Mpangaji wangu mmoja aliuliza kodi yote ile niliyokatwa na serikali inajenga nini. Nikamwambia Los Angeles, Marekani, mwaka 2022 walipiga kura anayeuza jengo la zaidi ya dola milioni 5 akatwe asilimia 4 au zaidi, hela ijenge nyumba za wenye kipato kidogo. Yetu hupanda Hazina moja kwa moja. Akacheka, akafunga godoro. Sasa yuko Buzebazeba, chumba kama kile kile, elfu kumi juu.