Somo: Kuirudia Final Fantasy VII Ukiwa Mtu Mzima

Assalamu alaikum wanachama. Somo hili ni la waliowahi kuicheza gemu ya Final Fantasy VII utotoni, wakaiacha njiani, na leo wana kazi na watoto lakini hamu haijawatoka. Ambaye hajaigusa kabisa aishie hapa, maana nitafichua mambo hadi ndani ya stori na sitaki lawama.

Msimamo wangu nautoa mapema: gemu hii wengi wetu tuliicheza, wachache waliisoma. Pale Langoni, kwenye chumba cha gemu, tulilipa kwa saa, saa yenyewe inakimbia, na visanduku vya buluu vya Kiingereza vinajaa skrini. Nani alikuwa na subira? Unabonyeza mfululizo mpaka vita vianze. Kadi ya memori ilikuwa ya mwenye chumba. Ukirudi kesho yake unakuta sevu yako imefutwa, pamewekwa ligi ya mpira ya mtu. Stori tukaja kuimalizia barazani, kila mmoja na yake, na hadi leo wapo watu wazima hapa Lamu wanaoapa kwamba Aeris, yule msichana muuza maua anayeuawa, anaweza kufufuliwa. Hafufuki. Hatua zote hapa chini nia yake ni moja: safari hii uisome.

Hatua ya 1: Chagua toleo

Gemu ilitoka Japani Januari 1997, ikafika Marekani Septemba na Ulaya Novemba mwaka huohuo, kwa diski tatu za PlayStation. Ukiwa na diski halisi, PS2 itazisoma, ila kusevu utahitaji kadi ya memori ya PS1, si ya PS2. PS3 nayo inazisoma, na kadi unaitengeneza ndani ya mashine yenyewe. Kadi ya zamani ina nafasi 15, na sevu moja hula nafasi moja.

Kama huna diski, gemu ileile inauzwa kwa PS4, Switch, Xbox, kompyuta na simu. Kwa sisi wa visiwani, ambao umeme unaweza kuondoka katikati ya vita na bosi, yaani adui mkubwa, simu au Switch ndiyo salama zaidi. Picha ni zilezile za mikono ya mraba, usitarajie miujiza.

Angalia usinunue Final Fantasy VII Remake ya 2020 ukidhani ndiyo hii. Hiyo ni kazi mpya, na yote inaishia Midgar, sehemu ambayo katika gemu ya zamani unaimaliza kwa saa chache tu. Rebirth ya 2024 inaendelea kutoka hapo hadi mji wa kale alikofia Aeris. Ni gemu nzuri zote mbili, nazo zimetengenezwa kwa mtu ambaye tayari anajua kilichotokea 1997, kisha zinamchezea akili. Anza na ya zamani.

Hatua ya 2: Rekebisha menyu kabla ya lolote

Fungua menyu, nenda kwenye mipangilio, badilisha aina ya vita iwe Wait. Hapo muda utasimama unapochagua uchawi au dawa, na utapata nafasi ya kufikiri. Punguza na kasi ya maandishi. Utotoni tuliiongeza hadi mwisho, ndiyo maana hatukusoma kitu.

Hatua ya 3: Swichi za matoleo mapya

Kwenye PS4, kubonyeza L3 (kijiti cha kushoto) kunaongeza kasi mara tatu. R3 (kijiti cha kulia) inakujazia nguvu vitani wakati wote. Ukibonyeza zote mbili pamoja, maadui wa ghafla wanaacha kutokea. Matoleo ya simu nayo yana swichi ya kuzima maadui.

Kasi itumie unaporudi njia uliyokwisha kupita, wala haina aibu. Kuwazima maadui kuna gharama yake, kwa sababu utamfikia bosi levo yako iko chini na utalazimika kurudi nyuma kuitafuta. Mimi huwazima pale tu nilipopotea njia na nimechoka kuzunguka. R3 iache kabisa mpaka bosi akukalie kooni na kesho una kazi alfajiri.

Hatua ya 4: Midgar, bila haraka

Tazama ufunguzi bila kugusa padi. Nyota, kisha uso wa Aeris na kikapu cha maua kwenye kichochoro, kisha kamera inarudi nyuma mpaka mji mzima unaonekana, halafu inashuka kwenye treni, na Cloud, mtu unayemchezesha, anaruka kutoka juu yake. Muziki ni wa Nobuo Uematsu, na umepangwa hatua kwa hatua na picha. Vaa spika za masikioni.

Bosi wa kwanza, yule nge wa chuma, akiinua mkia usimpige. Subiri aushushe. Baada yake una dakika 10 za kutoka kwenye mtambo kabla bomu mlilotega halijalipuka, nazo zinatosha, mradi umnasue mwenzenu Jessie aliyebanwa mguu njiani.

Ukikutana na Aeris barabarani, nunua ua. Ni gil 1 tu. Ukifika baa, utampa Tifa, rafiki wa Cloud wa utotoni, au mtoto Marlene, na uamuzi huo unahesabiwa kimyakimya hadi mbali sana. Nitaugusa kwenye maswali. Na pale Sekta ya 7 usipite bila kuingia kile chumba cha mafunzo kwa wanaoanza. Sisi tulikiruka kwa kiburi, kumbe ndani yake kuna materia (kito cha uchawi) iitwayo All. Iunganishe na ya kuponya, utaponya kikosi kizima kwa mara moja.

Hatua ya 5: Kalm, ambako ndiko hasa ninakotaka ufike

Ukitoka Midgar unafika Kalm, Cloud anakaa na wenzake kwenye chumba cha wageni na kuwasimulia yaliyotokea Nibelheim miaka mitano nyuma. Utotoni hapa ndipo watoto wote chumbani walipopiga kelele "ruka, ruka!", kwa sababu ni maneno marefu na vita vichache. Sasa kaa usome kila kisanduku, ukijua unachokijua.

Unajua kwamba Cloud hakuwa SOLDIER, askari wa daraja la juu wa kampuni ya Shinra. Unajua kwamba aliyekwenda na Sephiroth, adui mkuu wa gemu, kwa cheo hicho alikuwa Zack, na Cloud alikuwa askari wa kawaida aliyefunikwa uso kwa kofia. Basi mtazame ndani ya lile gari, mvua inapiga, mmoja wa askari wenye kofia amekaa kichwa chini, anasikia kichefuchefu. Cloud wa hadithi anamjulia hali, kisha anasema yeye hajawahi kuugua safarini. Huyo askari anayeugua ndiye yeye mwenyewe! Anajisimulia akiwa pembeni, na anajicheka bila kujijua. Waliowahi kuvuka bahari ya kusi hadi Kiwayu wakiwa wamejiinamia ndani ya mashua watamhurumia zaidi.

Angalia na vita vya humo: Sephiroth levo 50, hagusiki, Cloud levo 1 anaanguka kwa pigo moja. Tulidhani ni mzaha wa watengenezaji. Kumbe ni ukweli unaopenya ndani ya uongo.

Halafu mtazame Tifa. Alikuwepo Nibelheim, anajua hesabu haziendi, na hasemi. Tangu hapo hadi diski ya pili, kila anapokatiza maneno, jua anaogopa nini. Kuna picha ya ukumbusho inayopigwa pale kijijini, Tifa katikati. Iweke akilini, maana Sephiroth ataitoa tena kaskazini, na aliyesimama humo si Cloud.

Sijaona gemu nyingine iliyoficha siri yake waziwazi hivi. Ukiiruka Kalm mara ya pili, bora usirudie kabisa.

Hatua ya 6: Materia

Fupi tu. Usikae porini kutafuta levo, gemu hii si ngumu kiasi hicho. Materia ya Enemy Skill, inayokufunza mbinu za maadui wanapokupiga nazo, ipo ndani ya jengo la Shinra. Ichukue umvalishe mtu mmoja. Kabla hujaenda mbali na Midgar, tafuta zile mashine kubwa zinazozunguka nje yake zikupige kwa Matra Magic, nawe utaijua. Itakubeba karibu diski nzima ya kwanza.

Kwenye kinamasi, kamata chocobo, yule ndege wa kupanda, uvuke, yule joka usimjaribu kwa sasa. Ukifika ng'ambo utamkuta mwenzake ametungwa juu ya mti na Sephiroth, na hakuna anayekueleza kwa maneno ana nguvu kiasi gani.

Hatua ya 7: Nani aende na nani

Kikosi ni watu watatu, na maneno yanabadilika kulingana na uliowachukua. Gongaga waende Tifa na Aeris pamoja, uingie nyumba ya wazee wa Zack. Wote wawili wanamjua, kila mmoja kwa njia yake, na wote wawili wanashindwa kukaa mle ndani. Baadaye, Cloud akisharudiwa na akili zake baada ya mji wa Mideel, mrudishe kwenye chumba cha chini cha jumba la Shinra huko Nibelheim. Kuna tukio zima la Zack na Cloud ambalo gemu haikuambii ulifuate, na asilimia kubwa yetu hatukuliona.

Hatua ya 8: Kusevu

Tumia nafasi zaidi ya moja. Weka sevu moja kabla ya Hekalu la Wakale uiache hivyohivyo. Materia alizovaa Aeris hazipotei, zinarudi kwako, kwa hiyo usimvue kwa hofu; mwache apigane hadi mwisho wake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mkomani: Mwalimu, diski zangu zipo tangu zamani lakini zimekwaruzika, na kadi ya memori imeshika kutu kwa hii hewa ya chumvi. Kuna dawa?

Jibu: Diski ipanguse kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Mkwaruzo ukiwa upande wa maandishi na umefika ndani, hiyo diski imekwenda. Kadi isugue taratibu kwenye zile chuma kwa pamba yenye spiriti, iache ikauke kabisa. Kisha zihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, si juu ya rafu dirishani.

Kutoka Shela: Inachukua muda gani? Nataka kuianza Ramadhani baada ya tarawehe.

Jibu: Stori peke yake ni kama saa 40. Saa moja na nusu kila usiku itakufikisha karibu na mwisho mwezi ukimalizika, mradi usianze kufuga chocobo. Ufugaji huo unakula usiku mzima na faida yake kubwa ni materia ya Knights of the Round, ambayo kumshinda Sephiroth huihitaji. Emerald Weapon mwenye nguvu 1,000,000 na Ruby mwenye 800,000 pia waache, ni maadui wa hiari.

Mama mmoja wa Langoni: Mwanangu ana miaka 10, anaona babake anacheza na yeye anataka. Inamfaa?

Jibu: Mama, vita vyenyewe havina tatizo kubwa kuliko katuni anazotazama. Lakini mtaa wa Wall Market, mapema kabisa, kuna nyumba ya starehe na mzee anayechagua wasichana, na kwenye jengo la Shinra kuna njia nzima ya damu sakafuni. Kwa maoni yangu asubiri miaka mitatu minne. Akicheza kabla ya hapo, babake akae naye sehemu hizo mbili.

Wa Matondoni: Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitaisoma vipi?

Jibu: Tafuta mwenzio anayesoma, mmoja ashike padi, mwingine asimulie kwa Kiswahili. Mimi na shemeji yangu tunacheza hivyo. Vita unavimaliza wewe, visanduku anavimaliza yeye, na mnabishana njia nzima nani anadanganya.

Mwanachama wa Mokowe: Safari ya jioni pale Gold Saucer, ile bustani ya michezo, kwa nini kila mara anakuja Aeris? Namtaka Tifa.

Jibu: Kwa sababu Aeris anaanza na pointi 50, Tifa 30, Yuffie 10, na Barret, mwanamume wa kikosini, hana kitu. Lile ua mpe Tifa, sio Marlene. Kisha kila unapoulizwa swali, mjibu Tifa vizuri na Aeris kwa ubaridi. Ukiwakera wanawake wote watatu utatembezwa na Barret, na kusema kweli ndiyo jioni ya kuchekesha kuliko zote.

Huyohuyo: Na huyo Yuffie nampata wapi? Sikuwahi kumwona.

Jibu: Zunguka ndani ya misitu baada ya Junon hadi ushambuliwe na msichana ninja. Ukimshinda unapelekwa kwenye uwanja. Usifungue menyu, usiguse sehemu ya kusevu, atakuibia pesa akimbie. Akitaka mpambane tena, mwambie huna haja. Akisema unamwogopa, kubali. Akijifanya anaondoka, mwambie angoje. Akiuliza kama unamtaka mwende naye, kubali. Mwishowe mhimize twende.

Mwanachama mpya: Sefu la namba za siri la jumba la Nibelheim limenishinda.

Jibu: Sevu kwanza, maana ndani yake kuna bosi. Kulia 36, kushoto 10, kulia 59, kulia 97. Una sekunde 20, na ukipitiliza namba hata kwa moja unaanza upya, kwa hiyo ukikaribia bonyeza kidogokidogo. Ukimshinda bosi utapata ufunguo. Teremka nao chini ya jumba umfungulie Vincent, mtu unayeweza kumwingiza kikosini. Mara ya kwanza atakukatalia na kurudi kulala. Mwamshe tena, muulize jina lake, kisha jifanye unaondoka.