Kutua na Dash 7 Tanga ukiwa nyumbani, hatua kwa hatua

Vijana wanaokuja kujifunza kurusha ndege kwa simyuleta, yaani programu ya kuigiza urushaji, kwenye kompyuta yangu hapa Chumbageni hupenda kuanza na jeti kubwa, na karibu wote hukwama mahali pamoja: uwanja wetu wa Tanga unawaishia. Njia ya kurukia ni ya kilomita moja na ushee tu. Ndiyo maana mimi nafundishia Dash 7.

Ni ndege ya pangaboi nne, ya abiria kama 50, iliyotengenezwa na de Havilland Canada mahsusi kwa viwanja vifupi. Iliruka mara ya kwanza tarehe 27 Machi 1975, ikaanza kazi mwaka 1978 na Rocky Mountain Airways kule Colorado, Marekani, na hadi kiwanda kinaacha kuitengeneza zilikuwa zimetoka 113. Majirani zetu wa Kenya wanaifahamu vizuri, maana Airkenya iliitumia kupeleka watalii Masai Mara kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Naipenda ndege hii kwa dhati, na nitaeleza ni kwa nini tukifika hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Meza yako

Tafuta joystiki yenye leva ya nguvu, hata kama ni ya mtumba. Kibodi haifai kabisa kwa ndege hii, kwa sababu kazi yote ya kutua inafanywa kwa kuongeza na kupunguza nguvu kidogo kidogo, na kibodi hurukaruka. Leva moja ikiamuru injini zote nne, inatosha. Chagua kitufe kimoja cha kugeuza mapanga ili yasukume hewa mbele na kuizuia ndege ikiwa chini, na kingine cha flapu, vile vibao vinavyoteremshwa nyuma ya bawa. Kama unatumia kompyuta ya mezani, weka na UPS, betri ya akiba. Umeme umenikatikia mara mbili nikiwa futi 300 kutoka ardhini, na safari nzima ikapotea.

Hatua ya 2: Pima uwanja

Viwanja vya kwetu ndani ya simyuleta mara nyingi vimewekwa kwa kukadiria. Weka ndege mwanzo wa njia, andika alama za GPS, iendeshe chini hadi mwisho, andika tena. Kisha linganisha na picha ya setilaiti. Ikiwa njia ya kwenye kioo imezidi kwa mita mia mbili au tatu, isahihishe kwanza kwa programu ya kuhariri viwanja. Usipofanya hivyo utajifunza kutua mahali pasipokuwepo. Hakikisha pia kimo: uwanja uko kama futi 130 juu ya usawa wa bahari.

Hatua ya 3: Lijaribu bawa

Hapa ndipo wengi huparuka, na ndipo kwenye utamu wote.

Bawa la kawaida hubeba kwa sababu ndege inakwenda na hewa inapita juu yake. Kwenye Dash 7 kuna hewa ya pili. Mapanga manne makubwa yamepangwa kufuata bawa, na upepo wake unafagia karibu bawa zima na flapu zilizo nyuma yake. Kwa hiyo ukiongeza nguvu huongezi mwendo tu, unaongeza na uwezo wa bawa kubeba, tena papo hapo. Ukipunguza, bawa linapungukiwa papo hapo vilevile.

Je, modeli ya ndege uliyopakua inalijua hilo? Ipime. Ruka juu ya mkondo wa Pemba, futi 6,000, bahari tupu chini yako. Teremsha flapu hadi nyuzi 45. Kata nguvu yote, kisha nyanyua pua polepole ili usipoteze kimo, na uandike mwendo ambao bawa linakataa kubeba na pua kudondoka. Rudia kwa uzito uleule, safari hii ukiwa umeacha nguvu ya wastani. Mara ya pili namba inapaswa kuwa ndogo waziwazi. Zikilingana, aliyeitengeneza modeli hakuutia upepo wa mapanga. Simyuleta iitwayo X-Plane hukokotoa nguvu za hewa kwenye vipande vya bawa na vya mapanga wakati unaruka, ilhali simyuleta nyingine za zamani hutegemea sana majedwali aliyoyajaza mtengenezaji. Mimi modeli isiyofaulu kipimo hiki naifuta, hata iwe na rangi nzuri namna gani.

Hatua ya 4: Mteremko

Ondoka Pemba. Hadi Tanga ni maili za bahari kama 45, unaelekea magharibi na kaskazini kidogo, karibu robo saa hewani. Siku isiyo na mawingu utaanza kuiona milima ya Usambara nyuma kabisa, halafu ghuba yenye kisiwa cha Toten, kisha mji. Uwanja uko upande wa magharibi wa mji. Punguza mwendo ukiwa bado baharini. Toa magurudumu, flapu 25, jipange sawa na njia, kisha flapu 45 kabla hujaanza kushuka.

Viwanja vingi hushukiwa kwa mteremko wa nyuzi 3. Dash 7 inaweza zaidi ya hapo. Mwaka 1982 moja ya Brymon, shirika la ndege la Uingereza, ilitua Heron Quays, katikati ya bandari za zamani za London, kuonyesha kwamba inawezekana, na uwanja wa London City ulipofunguliwa mwaka 1987 mteremko wake ulikuwa nyuzi 7.5. Kwa Tanga anza na nyuzi 6. Kwa mwendo wa nodi 85 (maili za bahari kwa saa) ardhini, hiyo ni kushuka futi 900 kwa dakika, wakati nyuzi 3 ingekuwa 450. Kipimo cha kimo kisome hivi: maili tatu kabla ya njia futi 2,050, maili mbili futi 1,410, maili moja futi 770.

Pua inashika mwendo, leva inashika kimo. Vijana hufanya kinyume: wakijiona wako chini wanavuta pua, mwendo unakufa, na ndege inazidi kuzama. Ukiwa chini ya mstari, sukuma leva kidogo na usiguse pua. Utaihisi ndege ikinyanyuka kabla mwendo haujabadilika. Huo ndio upepo wa mapanga uliouona hatua ya tatu.

Hatua ya 5: Kugusa ardhi

Aliyezoea ndege ndogo ya Cessna hukata nguvu akikaribia njia. Ukifanya hivyo hapa, ndege inadondoka kama nazi. Anza kunyanyua pua mapema, kwenye futi 50 hivi, maana unashuka mara mbili ya kawaida, na uache nguvu ilivyo mpaka magurudumu ya nyuma yaguse. Ndipo ukate, shusha pua, geuza mapanga, kisha breki. Mwanafunzi wangu hasogei hatua inayofuata mpaka asimame kabla ya nusu ya njia mara tano mfululizo.

Hatua ya 6: Upepo

Sasa weka hali ya hewa halisi. Msimu wa kusi na msimu wa kaskazi si sawa, kwa hiyo tazama upepo kila mara na uchague upande wa kutua unaokupa upepo wa mbele. Upepo wa mbele wa nodi 15 unakushushia mwendo wa ardhini hadi 70, hivyo futi 900 kwa dakika zitakufikisha chini kabla ya njia. Kwa nyuzi 6 zilezile, shuka kwa 740.

Hatua ya 7: Injini tatu

Zima injini ya nje ya kushoto ukiwa maili nane kutoka uwanjani. Pua itavutwa kushoto, hilo kila ndege ya injini nyingi hufanya. Lakini na bawa la kushoto litainama, kwa sababu kipande chake cha nje kimekosa upepo wake. Kanyaga pedali ya kulia, nyoosha bawa, tua na flapu 25, na ongeza nodi 10 kwenye mwendo wako.