"Kisha ikawaje?" Namna ninavyoandaa na kupeleka wazo la kipindi cha televisheni

Andiko langu la kwanza lilikuwa na kurasa kumi na nne na liliitwa "Historia ya Karafuu Pemba". Nililichapisha Wete, nikalitia jalada, nikavuka nalo hadi Unguja. Mkuu wa vipindi, mzee aliyeanza utangazaji mimi sijazaliwa, alisoma ukurasa wa mwanzo akaliweka mezani. "Mwanangu," akasema, "hebu nchukulie niko nyumbani. Nimeshasali Isha, nimekula, rimoti iko mkononi. N'taona nini?" Nikaanza kumweleza kuwa karafuu ziliingia visiwani mwanzoni mwa karne ya 19. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni mada. Kipindi kiko wapi?"

Swali hilo ndilo ninalowauliza vijana wote wanaoniletea mawazo yao. Mwani ni mada. Uvuvi ni mada, utalii ni mada. Kipindi kinaanza pale unapompata mtu anayetaka jambo fulani, kabla ya siku fulani, na pana kitu kinachomzuia. Ukishampata huyo, mada itakuja yenyewe nyuma yake, na hiyo historia utaisimulia kidogo kidogo bila mtazamaji kubadilisha chaneli.

Nilirudi Pemba nikakaa kwa mjomba wangu msimu wa karafuu. Usiku, baada ya Isha, mapolo, yale magunia ya karafuu, yanamwagwa juu ya jamvi na nyumba nzima inakaa kuchambua. Unashika shada la karafuu mkono mmoja, unalisokota kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaanguka huku, makonyo, yale mashina yake, unayatupa kule. Baada ya saa moja viganja vimekuwa vyeusi na vinanata, na harufu haitoki hata kwa sabuni. Pembeni alikaa mmoja wa wachumaji, kijana wa miaka 23. Kila polo lililopimwa, midomo yake ilikuwa inacheza kimya kimya: anahesabu pishi, kipimo chetu cha karafuu, kwa sababu mchumaji hulipwa kwa pishi. Mama yake mdogo akaninong'oneza kuwa mahari imeshapokewa, kilichobaki ni kitanda, godoro na kabati, na upande wa mwanamke wanataka ndoa kabla ya Ramadhani. Wakati huohuo radi ikapiga upande wa bahari, na kijana akanyanyua kichwa kutazama mbingu. Karafuu zinahitaji siku nne tano za jua kali. Zikinyeshewa rangi inaharibika, bei inashuka.

Nikaandika sentensi moja usiku uleule: kijana mchumaji wa karafuu ana msimu mmoja wa kupata pishi za kutosha ili aoe kabla ya Ramadhani, na mvua imeshaanza kupiga hodi. Wazo lisiloingia katika sentensi moja bado halijaiva. Usilipeleke kwa mtu.

Sentensi ikipatikana, kaijaribu. Mimi huijaribu shughulini, pale tunapomenya vitunguu vya biriani. Wanawake wana kazi mikononi na mazungumzo yao wenyewe, hawana sababu ya kunionea haya. Nasimulia kwa dakika moja kisha nanyamaza. Mtu akiuliza "Kisha ikawaje?", wazo linapumua. Wakisema "Maashallah, zuri" na kurudi kwenye kitunguu, limekufa, hata kama mimi nalipenda. Kaka yangu naye hujaribu mawazo yake pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, kwenye kahawa. Wanaume wa pale wanatazama televisheni kila siku na wakichoshwa hawafichi.

Sasa swali gumu: je, wazo linarudiwa? Kituo hakinunui hadithi moja, kinanunua Jumanne zako zote. Msimu wa kawaida ni sehemu 13, kwa kuwa wiki 13 ni robo ya mwaka, na nafasi ya nusu saa hukuachia kama dakika 24 za kipindi chenyewe, nyingine ni matangazo. Ziandike sehemu tatu za mwanzo kwa aya nzima kila moja, na kumi zilizobaki kwa mstari mmoja mmoja. Ukikwama kwenye ya tano, hapo una makala moja nzuri, na makala nayo ina soko lake. Mimi nilikwama kwenye ya sita. Kilichoniokoa ni kuongeza watu wawili: mama anayekodi shamba la mikarafuu kwa pesa ya kuazima, na mzee mwenye shamba ambaye watoto wake wote wako Unguja na hawataki kurudi. Tangu hapo kila wiki kuna mmoja kati ya watatu aliye pabaya.

Andiko lenyewe lisizidi kurasa mbili. Juu weka jina, na jina liwe fupi. Langu lilikuwa "Pishi". Chini yake ile sentensi moja. Halafu aya ya tukio moja, lililoandikwa kama linavyoonekana: mimi niliandika jamvi, viganja vyeusi, midomo ya yule kijana na radi. Halafu watu wako ni nani, sehemu zako 13, nani atatazama na kwa nini saa hiyo, mmeshafanya kazi gani, na mwisho fedha. Usianze na "umuhimu wa kipindi hiki kwa jamii". Mkuu wa vipindi ana mafaili kumi yenye aya hiyo.

Kabla hujachagua pa kulipeleka, kaa utazame kituo hicho wiki mbili na kalamu mkononi. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara wakasubiri hadi 1994. Bibi zetu wametazama miaka mingi, ukiwalisha kitu kibichi wanajua. Andiko la ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, naliandika kwa mtazamaji anayejua pishi ni nini na aliyewahi kuchambua mwenyewe. Likienda kituo cha Dar es Salaam, kama Azam, naongeza sentensi ya kueleza pishi, na nasema wazi kuwa watu wangu watazungumza Kipemba chao na maandishi yatapita chini ya kioo pale panapohitajika. Sikubali kuwafanya wazungumze Kiswahili cha taarifa ya habari. Mtu akilazimishwa kutafuta maneno mbele ya kamera anageuka mwingine kabisa, na yule uliyempenda humpati tena.

Vipindi vya Ramadhani vipelekwe mapema sana. Ukifika na andiko katika Shaabani umekuta ratiba imeshafungwa na wadhamini wameshatoa walichonacho.

Tengeneza na kionjo, yaani kipande cha mfano wa kipindi, cha dakika mbili au tatu. Simu inatosha, mradi uishike kwa mlalo na usiitikise. Kinachoua vionjo vingi vya hapa kwetu ni sauti: upepo wa kusi ukivuma ufukweni, mtu unamwona anafungua mdomo na humsikii. Nunua kipaza sauti cha kubana kwenye nguo, kivishe kifuniko cha manyoya, na rekodi nyuma ya ukuta au chini ya mti ukiweza. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo. Sauti mbovu haivumilii.

Kupiga picha rasmi kuna taratibu. Kibali kinashughulikiwa na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na kijijini unaanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale. Nenda kwa sheha hata kama kijiji ni chako. Akikujua, siku mtu anapouliza "Hawa wanapiga picha za nini?", jibu lipo.

Kuhusu wizi wa mawazo nina kidonda. Kuna kituo kimoja nilikaa nacho saa nzima nikisimulia kipindi cha wakulima wa mwani, kwa mdomo tu, kwa furaha ya kusikilizwa. Miezi minane baadaye nilikiona kwenye kioo, na maji ya bamvua yaleyale niliyoyasimulia, na jina la mtu mwingine. Sikuwa na karatasi hata moja. Nililia, kisha nikaenda kujifunza. Hakimiliki hailindi wazo lililo kichwani. Inalinda namna ulivyoliandika au kulirekodi. Kwa hiyo andika kwanza, tia tarehe, lisajili COSOZA, ofisi yetu ya hakimiliki, upate ushahidi. Kisha lipeleke kwa barua pepe kabla ya kikao, na baada ya kikao andika tena: "Ahsante kwa kunipokea leo, tulizungumza kuhusu andiko langu la 'Pishi'." Barua hiyo ya mistari miwili ni shahidi wako.

Fedha iulize mapema, bila haya. Kuna kituo kinachogharamia kipindi na kukimiliki. Kuna kinachokupa nafasi mkagawana mapato ya matangazo. Na kuna, tena wengi, wanaokuuzia muda wa hewani, mdhamini ukamtafute wewe. Hayo ni mapatano matatu tofauti na kila moja lina bajeti yake. Katika bajeti hesabu hata vitu vidogo: nauli ya boti kwa watu watatu na mizigo, chakula cha timu, siku za mvua ambazo hamtapiga picha lakini mtakula. Siku za mvua nilizisahau mara ya kwanza, nikazilipa kwa mkufu wangu.

Siku ya kikao, amkia, kaa, kubali maji ukipewa. Usisome andiko, wanalo. Simulia lile tukio moja kwa dakika mbili, onyesha kionjo, nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, maana moyo unataka kujaza ukimya kwa maelezo. Waache waulize. Ukiulizwa usichokijua, sema utakitafuta, na siku ya kukipeleka uitaje palepale. Ukikataliwa, uliza ni kitu gani kiliwachosha. Watu wengi hukujibu kweli.

"Pishi" nililirudisha kwa mzee yuleyule, kurasa mbili. Alilichukua bila neno. Wiki ya tatu nilikuwa bandarini Mkoani nasubiri boti, simu ikalia. Hata salamu hakuimaliza.

"Mwanangu, yule kijana kaoa?"

"Bado, mzee wangu. Karafuu za mwisho ziko jamvini."

Akanyamaza kidogo. "Basi njoo Jumatatu," akasema, "na bajeti uje nayo."