SOMO: Kuandaa dizaini ya kete za kauri za poka (soma kabla hujanitumia faili)

Naliweka hapa ili kuanzia leo atakayeuliza nimtumie linki tu. Nimechoka. Mtu anakuja dukani hapa Ngamiani, Tanga, na picha aliyoitoa kwenye simu, "kaka niwekee hii kwenye kete mia tatu". Kuiweka si kazi. Kazi ni vile itakavyotoka, na lawama anabeba mchoraji.

Kwanza jua unachapa juu ya nini. Kete hizi ni vile vidude vya duara vinavyosimama badala ya pesa kwenye mchezo wa karata wa poka. Zinaitwa za kauri, lakini si udongo wa kuchoma kama sahani. Ni resini ngumu yenye uso unaokubali wino wa sablimesheni. Mchoro huchapwa kwenye karatasi, kisha joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi huugeuza wino kuwa mvuke unaozama kwenye uso wa kete. Kwa hiyo wino mweupe haupo. Nyeupe ni kete yenyewe pale ulipoacha wazi. Pia mvuke hutanuka kidogo, na herufi nyeupe nyembamba juu ya rangi nzito humezwa. Zinenepeshe.

1. Omba templeti, yaani kiolezo cha vipimo, kwa mchapaji wako. Si yangu, si ya Google. Yake.

2. Vipimo. Kete ya kawaida ina kipenyo cha mm 39, zipo na za mm 43. Unene ni kama mm 3.3. Kwa kete ya 39 mimi huchora duara la 42 ili rangi ipite ukingo mm 1.5 kila upande, na maandishi yote nayabakisha ndani ya duara la 35.

3. Tumia programu ya vekta, yaani ya michoro isiyoharibika ukiikuza: CorelDRAW, Illustrator, au Inkscape ambayo ni ya bure. Ukilazimika kutumia picha, iwe na pikseli 600 kwa inchi. Duara la mm 42 linataka takriban pikseli 1,000 kwa 1,000.

4. Maandishi yote yageuze yawe mistari. Fonti yako mchapaji hana.

5. Ukingo. Hapa ndipo kazi nyingi hurudishwa, soma mara mbili. Karatasi ikisogea nusu milimita kabla mashine ya joto haijashuka juu yake, mchoro mzima umesogea nusu milimita. Katikati ya ua hakuna atakayeona. Lakini kama umechora pete nyembamba mm 1 kutoka ukingoni, upande mmoja itabaki nafasi ya 0.5 na upande wa pili 1.5. Hiyo ni mara tatu! Hata mtoto atakwambia imeenda upande. USICHORE PETE KARIBU NA UKINGO. Ukiitaka, iingize ndani mm 4 au 5, la sivyo ukingo wote uwe rangi moja pana. Nina sanduku zima dukani la kete zenye pete zilizokaa upande. Siziuzi, nawaonyesha wabishi.

Halafu kuna ubavu. Ni ukanda wa mm 122.5 kwa 3.3, maana mzunguko ni 39 mara 3.14. Usichore mabaka ya ubavuni kwa kutegemea yakutane sawasawa na mabaka ya usoni. Wala usitegemee uso wa mbele na wa nyuma viwe vimesimama pamoja. Muulize mchapaji kama anavilinganisha, na akisema ndiyo, aandike.

6. Mpangilio. Ichukulie kete kama kanga: ina pindo, mji na jina. Pindo ni mabaka ya pembeni, mji ni mchoro wa kati, jina ni thamani. Vyote vitatu vikipiga kelele, hakuna kinachosikika. Mji uwe kitu kimoja chenye umbo la wazi. Mkonge ukiutazama kutoka juu, majani yake yamejipanga kwa duara tayari. Picha ya Mapango ya Amboni inapendeza kwenye simu, kwenye mm 39 ni doa jeusi.

7. Rangi. Mezani Marekani wamezoea nyeupe dola 1, nyekundu 5, kijani 25, nyeusi 100. Nyumbani kwako hakuna wa kukulazimisha, ila mgeni aliyezoea hatauliza. Balaa ni usiku: chini ya taa ya njano, bluu iliyoiva na nyeusi ni ndugu, na wapo watu, wanaume hasa, ambao nyekundu na kijani kwao hazitofautiani. Kwa hiyo badilisha na idadi ya mabaka ubavuni: manne, sita, manane. Kete zikipangwa rundo kinachoonekana ni ubavu tu, uso umefichwa.

8. Kabla ya kutuma, chapa kwenye karatasi ya kawaida kwa asilimia 100, kata, tupa sakafuni, simama. Namba haisomeki? Ikuze.

MASWALI

mzee_wa_raskazone: Mkuu kete ina mm ngapi?
Jibu: Hatua ya 2.

kijana_wa_kaya: Nimekutumia WhatsApp nembo ya kijiwe chetu, naomba itoke leo leo.
Jibu: Nimeiona. Ni skrinshoti, ina saa na chaji ya simu yako juu. Mtafute aliyeichora akupe faili, nawe uitume kama dokumenti, maana WhatsApp hubana picha. Na sijaandika popote kwamba nachora bure.

baharia_tz: Hizi hatua zako nilifuata, bluu ikatoka zambarau. Somo lina kasoro.
Jibu: Somo halikukuchagulia rangi. Faili ulilonionyesha lina asilimia 100 ya sayani (wino wa bluu-maji) na 90 ya majenta (wino wa waridi kali). Hiyo ni zambarau, kioo cha simu ndicho kilichokudanganya. Shusha majenta hadi 60 hivi, uombe kete moja ya sampuli kwanza.
baharia_tz: Na nyeusi imetoka kahawia.
Jibu: Hiyo mara nyingi ni joto kuzidi au kukaa muda mrefu mno. Mwulize mchapaji.

ustadh_k: Hii si kamari jamani?
Jibu: Biashara ya kamari ina leseni zake, waulize Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mimi nachora duara.

bi_chumbageni: Shikamoo kaka. Nataka pindo la korosho kama la kanga lizunguke kete nzima. Nikilikunja linabanana kwa ndani. Nifanyeje?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri hili. Pindo la kanga limenyooka, lako ni la duara, kwa hiyo ukingo wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Tuseme pindo lako linaanzia mm 12 kutoka katikati hadi mm 17. Mzunguko wa ndani ni kama mm 75, wa nje 107. Ukiweka korosho 12, kila moja ina nafasi ya mm 6.3 ndani na 8.9 nje. Usilikunje pindo zima. Chora korosho moja, mkia uelekee katikati na tumbo lielekee nje, halafu izungushe nyuzi 30 mara 12. Umbo la korosho lenyewe linakubali, mkia wake ni mwembamba. Zigizaga zitakusumbua zaidi. Ukimaliza nitumie nione, bila malipo.
kijana_wa_kaya: Kumbe bure ipo!
Jibu: Ipo kwa waliosoma.

fundi_drafti: Mgosi, mimi poka sijui. Hizi kete zinafaa drafti? Vizibo tumechoka navyo, upepo ukija vinahama.
Jibu: Zinafaa sana. Unahitaji 24, kumi na mbili kila upande, agiza na mbili za akiba kwa kila rangi. Nyuso mbili zichore tofauti: mbele kete ya kawaida, nyuma kingi. Ikifika mwisho unaigeuza tu, huna haja ya kupandisha kete juu ya kete. Ila zote zigeuzwe nyuma uone: kingi wa timu zote mbili lazima watofautiane kwa rangi, si kwa taji peke yake.
fundi_drafti: Ubao wetu una miraba ya sm 4.
Jibu: Mm 39 kwenye mraba wa mm 40, kidole hakiingii. Tengeneza miraba ya sm 5, ubao utakuwa sm 40 kwa 40 bila fremu. Mbao yenyewe ni kazi ya seremala, lakini mistari ya ubao naweza kukuchorea.
mzee_wa_raskazone: Na uniwekee moja na mimi. Hiyo sm 5 ni kwa kete ya mm ngapi?
Jibu: Mzee wangu. 39.