Somo: Kuchagua mvinyo mwekundu wa mchanganyiko hapa Mombasa

Kila wiki naulizwa lile lile: "Nichukue upi?" Nauza mvinyo huku Nyali, na jibu refu nimelitoa mara nyingi mno. Naliandika leo, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Jua bei yako kabla hujaingia dukani.

2. Geuza chupa, soma kibandiko cha nyuma. Mchanganyiko ni mvinyo wa zabibu za aina kadhaa; mara nyingi kibandiko huzitaja, na kwa kawaida inayotajwa kwanza ndiyo nyingi. Hiyo ndiyo itakayotawala mdomoni.

3. Anza na familia tatu. Bordeaux ya Ufaransa ni zabibu za Cabernet Sauvignon na Merlot hasa. Cabernet ikizidi utapata ukakasi, ule wa kubana ulimi kama umetafuna bibo. Merlot ikizidi, ulaini. Ya pili ni Rhône ya kusini, huko huko Ufaransa: Grenache, Syrah na Mourvèdre, matunda yaliyoiva na pilipili manga. Ya tatu ni ya Cape, Afrika Kusini, yenye Pinotage ndani yake, zabibu iliyopatikana Stellenbosch mwaka 1925 kwa kupandanisha zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut. Kama ndio mara yako ya kwanza, chukua yenye Grenache nyingi, ule na mishkaki.

4. Joto. Hapa someni polepole. Mwaka mmoja nilipeleka chupa sita harusini Diani, nikaziweka kwenye buti ya gari. Ilikuwa Februari, kaskazi imekolea, foleni ya feri Likoni haisogei. Nilipofungua buti, vizibo vilikuwa vimepanda juu ya mdomo wa chupa na shingo zanata. Ndani mlinukia jamu iliyoungua. Nilizimwaga zote sita, na bwana harusi alikuwa ameshanilipa. Nikamrudishia pesa yake.

Kwa hivyo: usiweke mvinyo kwenye buti. Usinunue chupa iliyopangwa dirishani juani. Pitisha kidole juu ya kizibo. Kikiwa kimevimba, rudisha. Na ile kauli kwamba mwekundu hunywewa kwa "joto la chumba" isikupoteze, chumba chetu chafika nyuzi 30. Mwekundu wataka 16 hadi 18: saa moja na zaidi frijini, au robo saa kwenye ndoo ya maji na barafu.

5. Mimina kidogo, onja, ngoja robo saa, onja tena.

MASWALI

Pwani Raha: Kwa hivyo nichukue upi?
Jibu: Hatua ya 3, sentensi ya mwisho.

Mtoto wa Mtwapa: Mwekundu hauwekwi frijini, kila mtu ajua.
Jibu: Soma hatua ya 4 tena. Nimemwaga chupa sita kwa joto, sitabishana juu ya hilo.

Mama Tudor: Ahsante kaka. Kwa nini wachanganye? Zabibu moja nzuri haitoshi?
Jibu: Swali zuri, dada. Bordeaux mvua huweza kuwakuta wakati wa mavuno. Merlot huiva mapema, Cabernet huchelewa. Moja ikiharibika, nyingine huokoa mwaka. Na ladha pia: Cabernet yaleta mifupa, Merlot yaleta nyama. Jaribu mwenyewe jikoni. Nunua chupa moja ya kila aina, pima vijiko vitatu vya Cabernet kwa kimoja cha Merlot, onja. Kisha geuza kipimo. Utahisi ukakasi ukipungua ulimini.

Mama Tudor: Na samaki wa kupaka?
Jibu: Epuka ukakasi mwingi, kwa samaki huacha ladha ya chuma. Grenache, na uwe umepoa zaidi kidogo.

Mvuvi wa Kilindini: Unaobaki mimi huumimina kwenye chupa ndogo ya soda ya glasi, najaza hadi mdomoni nisiache hewa, nafunga, friji. Siku tatu bado mzuri.
Jibu: Hiyo naanza leo. Chupa waichemsha kwanza?

Mvuvi wa Kilindini: Naisuuza kwa maji ya moto, naigeuza ikauke. Sabuni hapana, harufu yake haitoki.